Keki ya Sanduku

Kikoba cha Nidhamu kilikuwa na sanduku jekundu la chuma lenye kufuli tatu. Kila kufuli ilikuwa na ufunguo wake, kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake, na watu hao watatu walichaguliwa kwa makusudi miongoni mwa wasiopatana, wasije wakala njama. Sanduku lenyewe lililala uvunguni kwa mweka hazina, limefungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, na juu ya kitanda alilala mume wa mweka hazina akiwa na panga. Kwa ulinzi wa namna hiyo hakuna mwizi wa Mpanda aliyewahi kugusa hata sarafu moja ya wanachama. Fedha ilikaa salama mwaka mzima, mpaka Desemba, ndipo wanachama wenyewe walipoitoa kwa vigelegele na kumpa mwoka keki.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na waliiheshimu kuliko walivyoheshimu Kwaresima. Kila Ijumaa, soko la Kashaulili likipoa, wanachama walikusanyika nyuma ya maduka ya nafaka, wakanunua hisa, wakakopeshana kwa riba, wakatozana faini kwa kuchelewa, kwa kucheka ovyo na kwa simu kuita kikaoni. Mwenyekiti wao, Yotham, muuza misumari na rangi za nyumba, alifungua kila kikao kwa kunyoosha ngumi.

“Nidhamu!”

“Ya fedha!” waliitikia, na njiwa wa kwenye paa la stoo wakaruka.

Mwisho wa mwaka kikoba kilivunjwa, yaani akiba na riba viligawanywa kwa wenyewe. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kugawiwa fedha yake bila hema, palikuwa na hema. Palikuwa na MC. Palikuwa na keki yenye umbo la sanduku, na kufuli tatu za sukari. Palikuwa na mgeni rasmi, ambaye mwaka uliopita alifika wakati watu wameshaanza kusinzia, akahutubia juu ya ubaya wa matumizi yasiyo ya lazima, akapewa mbuzi na saa ya ukutani, akaondoka. Gharama zote zilikatwa humo humo kwenye sanduku kabla ya mtu kuona chake. Annonciata aliyeweka laki sita kwa mwaka mzima akapokea bahasha yenye ua la utepe, na ndani yake laki tano na nusu.

Alizihesabu mara ya pili nyumbani, akidhani ua limeficha nyingine.

Annonciata, ambaye sokoni walimwita Mama Aristide kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliuza migebuka mikavu na dagaa kutoka Karema. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na dharau ya kimya, ile ya mtu anayekaa siku nzima akiwaangalia wateja wakinusa samaki mmoja mmoja kama wanataka kumwoa. Tangu siku ile ya ua la utepe, dharau hiyo ilihamia kwenye kikoba, ikajenga.

Si kwamba hakuwa na mpango na fedha yake. Alikuwa nao, na mpango huo ulitokana na mama yake.

Mama yake, bibi Épiphanie, aliishi kijijini Kasekese na bado alilima. Alikuwa amevuka sabini, magoti ameyafunga vitambaa, na jembe lilimfaa kwa kazi mbili: kwenda shambani alilishika upande wa chuma akalitumia kama fimbo, akifika shambani analigeuza. Mwezi wa tano Annonciata alikwenda kumwona, akamkuta amekaa chini katikati ya mistari ya karanga, anang'oa akiwa amekaa, anajiburuza mbele kidogo, anang'oa tena.

“Mama, si upumzike?”

“Nikipumzika utanilisha na samaki wako?”

Annonciata alijua jibu ni hapana. Aliyaangalia yale magoti, akayaona ni yake mwenyewe, yamemtangulia tu kwa miaka.

Akamweleza. Kuna mfuko, alisema, watu wengi wanachangia, wataalamu wanaununulia hatifungani za serikali na hisa za makampuni, na kila anayechangia anapewa vipande vyake. Alikuwa ameusikia redioni, kisha akaenda mwenyewe benki kuuliza, akauliza tena siku ya pili kwa sababu siku ya kwanza alihisi yule kijana wa dirishani anataka kwenda kula. Kuna miaka vipande vitapanda kidogo, kuna miaka vitasuasua. Hakuahidiwa maajabu. Lakini akiweka gawio lake la kikoba kila mwaka, asiliguse, na faida nayo akaiacha humo humo izae, basi baada ya miaka kumi na tano ataweza kuliweka beseni la samaki chini kwa hiari yake.

Épiphanie alisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa hivyo vipande vinakaa wapi?”

“Havikai mahali, mama. Viko kwenye kumbukumbu zao.”

“Vinakula nini?”

“Havili kitu.”

“Yewe mwana wanje, mwanangu wewe,” alisema yule mama kwa huruma, akang'oa shina la karanga na kulikung'uta. “Kisichokula hakikui.”

Annonciata alirudi Mpanda akiwa ameamua. Mwaka ule gawio lake litafika benki likiwa zima. Hakuna ua, hakuna keki, hakuna mbuzi.

*

Kikao cha mwisho cha Novemba kilikuwa na ajenda moja, sherehe. Annonciata alinyanyua mkono kabla mwenyekiti hajaketi vizuri.

“Naomba mwaka huu tusifanye.”

“Tusifanye nini?” Yotham aliuliza.

“Sherehe. Tukutane asubuhi hapa hapa, kila mtu achukue chake, aende kwake.”

Watu waligeuka kama waliosikia tusi kanisani.

“Bila hata soda?” aliuliza Theopista, fundi cherehani, ambaye kila mwaka ndiye alishona sare za kikoba na hivyo alikuwa mpenzi mkubwa wa maendeleo.

“Soda utanunua kwa hela yako.”

“Mama Aristide,” Yotham alisema kwa sauti ya upole aliyokuwa nayo kwa wateja wadogo, “nikuulize kitu. Wale wa Kikoba cha Tumaini mwaka jana walivunja kwa matarumbeta. Mji mzima ulisikia. Sisi tukigawana hapa nyuma ya stoo kama wezi wa ng'ombe, watu watajuaje kwamba tumeweka akiba?”

“Si lazima wajue.”

“Sasa tunaweka akiba ya nini?”

Makofi yalipigwa. Wengine waligeukiana na kutikisa vichwa kwa uzito wa hoja. Annonciata aliwatazama mmoja mmoja: wauza vitunguu, wauza mchele wa Majimoto, wenye vibanda vya chipsi, watu waliojua kupima kisado cha maharage hata gizani wasidanganywe punje. Na wote hao walikuwa wakimpigia makofi mtu aliyewaambia kwamba kazi ya akiba ni kutangazwa kwa tarumbeta.

Ndipo akafanya kosa. Alidhani watu wa namna ile wanaweza kuaibishwa.

Alisimama tena, uso mkavu kama migebuka yake.

“Mwenyekiti, nimeelewa. Nafuta hoja yangu. Naona nilikuwa naidharau sherehe, kumbe sherehe yenyewe ndiyo ndogo.” Akawageukia wanachama. “Napendekeza keki ziwe mbili. Moja ya wanachama, na moja ya sanduku. Sanduku ndilo limefanya kazi mwaka mzima, halafu halijawahi kula.”

Alisubiri wacheke.

“Hapo umesema,” alisema mtu wa nyuma.

“Napendekeza pia,” Annonciata aliendelea, sasa akiwa na hamu ya kujua ukuta uko wapi, “sanduku lisibebwe kichwani. Lipandishwe kwenye pikapu, bodaboda zitangulie taa zikiwaka. Na lishonewe sare.”

“Sanduku?” Theopista alishika kifua.

“Kitenge kile kile cha kwetu. Lenye marinda.”

“Marinda yanawezekana,” Theopista alisema polepole, akipima hewa kwa mikono.

“Matarumbeta tusichukue ya hapa. Tuyatoe Sumbawanga. Na mgeni rasmi tusimpe mbuzi, mbuzi anakufa. Tumpe picha yake mwenyewe, kubwa, kwenye fremu ya dhahabu.”

Aliketi. Ukuta haukuonekana. Mapendekezo yote yalipita kwa sauti moja, likaongezwa na lingine la zulia jekundu. Yotham, machozi yakimlengalenga, alisema hajawahi kuona mwanachama akibadilika kwa dakika chache namna ile, na kwamba kwa mamlaka aliyopewa alimteua Mama Aristide kuwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi.

“Nidhamu!” alipaza sauti.

“Ya fedha!”

Annonciata hakuitikia. Alitozwa faini ya kutoitikia.

*

“Umejichimbia mwenyewe,” alisema Nyanzala, mweka hazina, yule aliyelala na mumewe juu ya sanduku. Alikuwa Msukuma wa Majimoto, muuza mchele, mwenye kicheko kilichosikika mpaka stendi, na siku ile alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. “Marinda! Mayo wee! Nitalivalisha mimi mwenyewe.”

“Cheka. Na hela yako inaliwa.”

Nyanzala aliacha kucheka. Alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa matarumbeta ya Sumbawanga na keki mbili, kila mwanachama angekatwa riba yake yote na kipande cha akiba yake. Kwa Annonciata, laki moja na zaidi ingebaki kwenye fremu ya dhahabu.

“Basi jiuzulu,” Nyanzala alisema.

“Nikijiuzulu atateuliwa Theopista. Sanduku litavaa na kilemba.”

Wakiwa katika majonzi hayo mezani kwa Annonciata alifika Yotham mwenyewe, tabasamu mbele, kununua migebuka. Alichagua fungu, akaligeuza, akalinusa, akalirudisha, akachukua lingine.

“Hili elfu tatu.”

“Elfu tatu na mia tano, mwenyekiti.”

“Mama Aristide! Mimi na wewe?”

“Hata mimi na mama yangu.”

Yotham alitoa noti tatu za elfu moja, akazilaza juu ya meza, akawa amezikandamiza kwa kidole kana kwamba upepo ulikuwa unazitaka. Akahangaika na mfuko. Akatoa mia mbili. Akasema hana nyingine. Akaonekana anayo. Akaitoa mia moja, uso umemkunjamana kama anayeng'olewa jino, na hatimaye, baada ya kumkumbusha Annonciata juu ya Mungu, akatoa sarafu ya mia mbili ya mwisho, akaisindikiza kwa macho mpaka ilipoingia kwenye mkebe.

Kisha akaling'arisha tabasamu lake upya.

“Halafu ile keki ya sanduku, kamati isibanebane. Ngazi tatu! Weka tu, Mama Aristide. Itakatwa huko huko.”

Akaondoka akipiga mluzi.

Annonciata alibaki akiiangalia ile sarafu. Mia tano iliyotoka mfukoni ilikuwa imemtoa Yotham jasho. Laki za keki, kwa kuwa zingekatwa huko huko, hazikumuuma popote. Mtu huyu hakuwa mkarimu wala hakuwa mbadhirifu. Alikuwa tu hajawahi kuiona fedha yake ikiondoka.

“Nyanzala,” alisema, “mwaka huu hatukati kitu.”

“Tutalipaje sasa?”

“Watalipa wenyewe. Kwa mkono.”

Alipomaliza kueleza, Nyanzala alikuwa bado hacheki, na hilo lilikuwa jambo la nadra.

“Watakuua,” alisema. “Mimi nitakuwepo kushuhudia.”

Wiki iliyofuata Annonciata alifanya kazi ya kamati kwa uaminifu mkubwa. Alikwenda kwa Ndaki, mkodisha mahema, mtu mpole aliyeongea kama anayelipia kila neno. Akamwambia atalipwa palepale, mkononi, na wanachama wenyewe. Wasipolipa, afungue kamba zake aondoke. Ndaki alifikiri, akasema sawa. Mwoka keki alisema hana wasiwasi, Jumapili ana harusi mbili. Keki isipolipiwa itapata bwana harusi. Wapiga matarumbeta ndio walikuwa wagumu: wao walitaka nauli ya kutoka Sumbawanga na kurudi hata kama hawatapiga noti moja. Annonciata aliwaahidi nauli hiyo kutoka kwenye gawio lake mwenyewe. Ilimuuma, lakini aliiona ikimuuma, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzima.

*

Jumamosi ya sherehe wingu zito lilikaa juu ya Mpanda tangu asubuhi. Sanduku lilipitishwa mjini kwenye pikapu, limevaa kitenge chenye marinda, bodaboda zimetangulia taa zikiwaka. Wazee waliokuwa njiani walivua kofia, wakidhani ni msiba wa mtoto. Wanachama walifuata kwa sare zao, wakiwapungia watu mikono kwa unyenyekevu wa watu walioshinda vita. Uwanjani matarumbeta yalilia, zulia jekundu lilitandikwa juu ya matope, na keki mbili, moja ya ngazi tatu, zilisimama mezani zimefunikwa nailoni kwa ajili ya nzi.

Mgeni rasmi, ofisa mstaafu mwenye tumbo la heshima, alichelewa kwa kiwango kinachostahili cheo chake. Kufuli tatu zilifunguliwa na watu watatu wasiosalimiana. Kisha Nyanzala akaanza kugawa.

Hapakuwa na bahasha wala maua. Nyanzala alihesabu noti moja moja kwenye kiganja cha mwanachama, kwa sauti, akizilaza taratibu kama anayepanga chapati. Akiba yote. Riba yote. Watu walikwenda mbele wakicheza na kurudi wakitembea, kwa sababu ni vigumu kucheza mkono ukiwa umejaa. Wengine hawakuwahi kushika gawio lao zima tangu kikoba kianze. Muuza vitunguu mmoja aliuliza kama pamekosewa.

Annonciata alipokea laki saba na ishirini. Alizikunja, akazitia kifuani, akazisikia zimekaa.

Kisha akamnyang'anya MC Ngusa kipaza sauti.

“Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, wanachama wenzangu,” alisema kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. “Kwa miaka yote hii tumekatwa gharama zetu kisirisiri, humo sandukuni, kama watoto wadogo. Kamati yangu imeona ule ni udhalilishaji. Mwanachama wa Nidhamu ni mtu mzima. Kwa hiyo leo, kwa heshima na taadhima, kila mwanachama atalipia sherehe yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Pale ni meza ya hema. Pale ya keki. Pale ya matarumbeta. Ile yenye fremu ni meza ya mgeni rasmi. Ile ya mwisho ni ya wali. Karibuni.”

Makofi yalianza kwa mazoea, yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, naye akagundua yuko peke yake.

Hakuna aliyesimama.

“Keki ni kiasi gani?” hatimaye Theopista aliuliza.

“Elfu ishirini kila mwanachama,” mwoka keki alisema. “Kumi ya keki yenu, kumi ya keki ya sanduku.”

“Ya sanduku? Mimi nilipie sanduku keki?” Theopista alisimama. “Sanduku linakula?”

“Wewe si ndiye uliyelishonea marinda?” mtu alimdaka.

“Nilishona kwa mkopo! Na marinda hayajalipwa!”

Pale kwenye meza ya matarumbeta, kiongozi wa bendi aliwaona wanachama wakipita mbali kidogo na meza yake, kama watu wanaozunguka mbwa. Aliinua mkono. Wimbo ulikatika katikati, tarumbeta moja iliyokuwa haijaona ikamalizia peke yake, ikanyamaza kwa aibu. Kwenye meza ya fremu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mgeni rasmi mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake, anatazamana na picha yake, na kila mwanachama aliyekaribia aliwaangalia wote wawili na kuona hawafiki elfu tano.

“Jamani, mheshimiwa anatuona,” Yotham alinong'ona, jasho likimtiririka.

“Na sisi tunamwona,” alijibu muuza vitunguu.

Ndaki alisubiri muda wa kutosha kwa mtu mwenye adabu, kisha akaenda kwenye nguzo ya kona na kuanza kufungua kamba. Pembe moja ya hema ikashuka juu ya viti vya mbele. Wakati huohuo lile wingu, ambalo lilikuwa limevumilia tangu asubuhi, likaachia.

Kitu kilichotokea baada ya hapo kiliondoa wasiwasi wowote uliobaki juu ya akili za Kikoba cha Nidhamu. Watu ambao dakika chache zilizopita hawakuwa na sababu ya kulipia hema walijazana mezani kwa Ndaki, noti mkononi, wakisukumana.

“Elfu nane! Si ulisema elfu nane?”

“Ile ilikuwa ya kabla ya mvua,” Ndaki alisema. “Sasa kumi.”

“Ndaki! Wewe ni mtu wa Mungu!”

“Ndiyo,” Ndaki alikubali. “Kumi.”

Walilipa. Walilipa wakilaani, wakibembeleza, wakidai punguzo la watoto ambao hawakuwaleta. Pembe ya hema ikapandishwa. Zulia jekundu likaelea. Annonciata alilipa kumi yake kwa foleni kama mtu mwingine yeyote, akaona ni fedha halali, maana alikuwa mkavu.

Hapo ndipo Yotham alipoona njia. Alipanda juu ya kiti.

“Wanachama! Kamati imetupotosha! Huu si utaratibu wetu. Naagiza kila mtu arudishe gawio lake sandukuni, mweka hazina akate gharama kama siku zote, halafu tugawane upya kwa bahasha. Keki ikatwe, matarumbeta yaendelee, mheshimiwa apewe chake. Rudisheni!”

Annonciata aliogopa. Lilikuwa wazo la kipumbavu, na kwa uzoefu wake wazo la kipumbavu halikuwahi kushindwa kura katika kikao kile. Wakirudisha wote, atarudisha na yeye. Katiba ya kikoba haikumruhusu mtu mmoja kukataa peke yake. Mkono wake ulikwenda kifuani. Nyanzala alifungua mfuniko wa sanduku, kwa kuwa aliagizwa na mwenyekiti, na marinda yakainuka kwa upepo. Ndani mlikuwa mtupu.

Mvua ilipiga juu ya hema. Wanachama waliliangalia sanduku. Kila mkono uliokuwa na noti ulikwenda mahali pake: kwenye soksi, kwenye fundo la kitenge, kwenye kofia, kwenye sidiria. Hakuna aliyesogea hatua.

“Nidhamu!” Yotham alipaza sauti, ngumi juu.

Hakuna aliyeitikia.

“Mwenyekiti,” Annonciata alisema kwa heshima zote, “anza wewe.”

Watu wote waligeuka. Yotham alikuwa bado juu ya kiti, ngumi moja hewani. Mkono wa pili ulikuwa umekandamiza mfuko wa ndani wa koti, kidole kimelala juu ya zile noti kama kilivyolala siku ile juu ya meza ya migebuka.

Hakuanza.

Akashuka kwenye kiti, akasema utaratibu utaangaliwa upya mwakani.

Sherehe iliyobaki ilikuwa fupi. Wali ulilipiwa na kuliwa, kwa sababu ulinukia. Keki zote mbili zilirudi kwenye gari na kesho yake zikakatwa na bwana harusi ambaye hakuuliza kwa nini keki yake ina kufuli. Mgeni rasmi alihutubia kwa kifupi juu ya umuhimu wa kuheshimu viongozi, akaondoka bila fremu. Annonciata aliwahesabia wapiga matarumbeta nauli yao, noti kwa noti, na kiongozi wao akamwambia hajawahi kulipwa vizuri hivyo kwa wimbo nusu.

*

Ingekuwa vizuri kusema kwamba watu wale walijifunza. Hawakujifunza. Fedha ya wengi haikuiona Krismasi. Yotham alinunua spika ndefu kama mlango, akaiweka dukani ipige muziki katikati ya misumari. Theopista alilipa kishika nafasi cha pikipiki ambayo mpaka leo haijafika. Muuza vitunguu, aliyekuwa ameshika gawio zima kwa mara ya kwanza, alilishika mpaka Jumanne.

Jumatatu asubuhi Annonciata alikuwa benki kabla hawajafungua. Nyanzala alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ananong'ona kwamba amekuja kumsindikiza tu, lakini alikuwa amevaa vizuri mno kwa mtu wa kusindikiza, na alipofika dirishani alinunua na yeye.

Krismasi Annonciata alikwenda Kasekese na samaki. Akamwonyesha mama yake ujumbe kwenye simu. Épiphanie aliishika simu mbali na macho, akaigeuza, akaangalia na mgongoni kwake.

“Kimekua?”

“Ni wiki mbili, mama.”

“Nilikwambia. Hakili.”

Annonciata alimchukua lile jembe mkononi, akaliegemeza ukutani, akamfungua vitambaa magotini na kuanza kumpaka dawa aliyomletea. Hakubishana. Alikuwa na miaka kumi na tano ya kusubiri.

Ijumaa ya kwanza ya Januari Kikoba cha Nidhamu kilikutana tena nyuma ya stoo. Sanduku lilikuwepo, limevuliwa marinda. Yotham alikuwa mchangamfu. Alisema amekuwa akitafakari, na ameona kwamba mfumo wa kulipa kwa mkono, ambao ulibuniwa chini ya uongozi wake, umekiletea kikoba heshima. Hata wale wa Tumaini wameanza kuuliza. Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa za mwaka mpya, alipendekeza wafanye hafla ndogo ya kujipongeza. Kitu kidogo. Keki moja tu.

Vichwa vilianza kuinama kukubali, kwa mazoea.

“Naunga mkono,” alisema Annonciata, akasimama, akakung'uta kitenge chake. “Meza nitaleta mimi.”

Vichwa vilisimama. Mtu mmoja alikohoa. Theopista alikumbuka kwamba ameacha pasi kwenye moto.

“Tuendelee na hisa,” Yotham alisema. Akanyoosha ngumi. “Nidhamu!”

“Ya fedha!” waliitikia, kila mmoja ameshika mfuko wake.